Nyanda Nne kutoka Kinywani: Uchambuzi wa Maikrofoni ya Bei Nafuu

Siti binti Saad alipokwenda kunasa nyimbo zake katika sahani za santuri mwaka 1928, ilimbidi avuke bahari kutoka Unguja hadi Bombay, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa mafundi wa kampuni ya His Master's Voice pamoja na vyombo vyao na chumba chao. Katika mambo hayo matatu, mawili yamekwisha kumjia msemaji wa pwani mlangoni pake: chombo hununuliwa kwa fedha isiyofikia thamani ya mbuzi, na ufundi hupatikana kwa kijana yeyote mwenye kompyuta na subira. La tatu, yaani chumba, halijaja. Na mzee wa Matsangoni atakaye kuwaachia wajukuu nasaba ya ukoo wake, au mwalimu atakaye kunasa somo, hana budi kusema katika chumba kile kile alalamo. Uchambuzi huu wahusu maikrofoni ipi imfaayo mtu huyo, na kwa sababu gani.

Matsangoni ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Kilifi kwenda Malindi, na nyumba zake za mawe aghalabu hujengwa kwa matumbawe yaliyokatwa machimboni, kuta zikapigwa plasta, sakafu ikamwagwa saruji, na juu yakaezekwa mabati. Vitu vyote hivyo ni vigumu na laini juu, wala havinywi sauti. Simama katikati ya chumba cha namna hiyo kabla hakijaingizwa vyombo, upige kofi moja, nawe utasikia mlio wa kuparuza ukirudi mara nyingi kwa haraka baina ya kuta mbili zinazoelekeana. Huo ndio mwangwi, na ndio adui wa kwanza. Adui wa pili ni kelele za nje: malori na matatu za barabarani, pikipiki, kunguru, upepo wa kusi katika minazi. Watu huwachanganya maadui hawa wawili wakadhani dawa yao ni moja, ilhali, kama tutakavyoona, dawa ya mmoja huweza kuwa sumu ya mwingine.

Aliyeuweka mwangwi katika mizani ya hesabu ni Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1895 aliagizwa atafute dawa ya ukumbi mmoja wa mihadhara ambamo neno lilidumu zaidi ya sekunde tano baada ya kutamkwa, hata msemaji akawa anashindana na maneno yake mwenyewe. Sabine na wasaidizi wake walikuwa wakibeba mito ya viti usiku kutoka ukumbi mwingine, wakaipanga humo kidogo kidogo, wakapima kwa filimbi ya kinanda na saa muda wa sauti kufifia, kisha kabla ya kupambazuka wakairudisha mito mahali pake. Kwa njia hiyo alipata kanuni inayotumika hadi leo: muda wa mwangwi, kwa sekunde, ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo mara 0.161, ukigawanywa kwa jumla ya unywaji wa vitu vyote vilivyomo. Na kipimo cha unywaji alichokichagua kilikuwa dirisha lililo wazi, maadamu sauti itokayo dirishani hairudi.

Tuchukue chumba cha urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7, chenye kitanda na nguo chache, ambacho mwangwi wake wadumu sekunde moja. Kwa kanuni ya Sabine, vilivyomo humo vyanywa sauti sawa na dirisha wazi la mita za mraba 5.2. Fungua madirisha mawili ya mita moja ya mraba kila moja, nao mwangwi utashuka hadi takriban sekunde 0.7, bila ya kutoa hata senti. Walakini kwa madirisha yale yale lori la Malindi litaingia lote. Mtu aliye mbali na barabara huweza kuifuata dawa hii. Aliye karibu nayo sharti atafute nyingine.

Kutokana na hesabu hiyo hupatikana jambo lililo muhimu kuliko yote kwa mnunuzi wa maikrofoni. Katika kila chumba upo umbali fulani kutoka kinywani ambapo sauti itokayo moja kwa moja na sauti irudiyo kutoka kutani huwa sawa kwa nguvu. Ndani ya mpaka huo kinywa hutawala, nje yake chumba hutawala. Katika chumba chetu mpaka huo ni sentimita 32, yaani shubiri moja na nusu hivi. Nguvu ya sauti ya moja kwa moja hupungua mara nne kila umbali unapozidi maradufu, bali mwangwi hubaki karibu ule ule popote uwekapo chombo. Basi maikrofoni isikiayo pande zote sawasawa, ikiwekwa nyanda nne tu kutoka midomoni, yaani sentimita 8, hupata kinywa mara 16 kuliko chumba. Ikiwekwa shubiri moja, mara mbili na kidogo. Na ikiwekwa dhiraa moja, chumba kimekwisha kukishinda kinywa maradufu. Hakuna maikrofoni, iwe ya dola 20 au ya dola 2,000, inayoweza kuikana hesabu hiyo.

Kwa hiyo ile kauli ipitayo midomoni mwa wauzaji, kwamba maikrofoni ya dainamiki haisikii chumba ilhali ya kondensa husikia kila kitu, ni nusu ya kweli. Dainamiki ina kiwambo kilichofungiwa koili ya waya iendayo na kurudi ndani ya sumaku. Kondensa, aliyoivumbua E. C. Wente katika maabara za Marekani mwaka 1916, ina kiwambo chembamba mno kilichotiwa chaji ya umeme. Ya pili hutoa umeme mwingi zaidi kwa sauti ile ile na hudaka milio myororo ya juu vizuri zaidi. Lakini zikiwekwa mbili kwa umbali mmoja, zikiwa na mwelekeo wa namna moja, na nguvu zake zikasawazishwa, uwiano wa kinywa na chumba ndani yake hukaribiana sana. Tofauti iliyo kubwa yatokana na adabu ya matumizi: maikrofoni ya dainamiki imeumbwa ikubali kuguswa na mdomo, na kwa udhaifu wa umeme wake humlazimisha msemaji kusogea, kondensa humruhusu kukaa mbali, naye akikaa mbali huukaribisha mwangwi kwa hiari yake.

Jambo la pili baada ya umbali ni mwelekeo. Mwaka 1939 Benjamin Bauer wa kampuni ya Shure alifanikiwa kuifanya maikrofoni yenye kiwambo kimoja isikie mbele na kuziba masikio nyuma, kwa kuiachia sauti njia ya kupenya kutoka nyuma ikicheleweshwa kiasi, hata sauti ya nyuma ikafika pande zote mbili za kiwambo kwa wakati mmoja na kujifuta yenyewe. Ramani ya usikivu wake huwa na umbo la moyo. Maikrofoni ya namna hiyo hupokea theluthi moja tu ya mwangwi upokewao na ile ya pande zote, hivyo katika chumba chetu zile mara 16 huwa 48. Hii ndiyo asili ya SM58 iliyotoka mwaka 1966, ionekanayo mpaka leo harusini, misikitini na makanisani. Na hapa pana kosa la kila siku: mshereheshaji hulifumbata lile tufe la waya kwa kiganja chote, akidhani anaiongezea sauti nguvu, kumbe ameziba matundu ya nyuma, umbo la moyo likavunjika, maikrofoni ikaanza kusikia pande zote, na spika zikaanza kupiga kelele. Ishike chini, mpinini. Au iweke kwenye kigingi chake, na mgongo wake uelekee dirisha au mlango wenye ghasia.

Ukaribu nao una gharama zake. Kwanza, maikrofoni yenye mwelekeo, ikisogezwa, huzidisha sauti za chini, hata mtu mwembamba wa sauti akasikika mnene na maneno yakafunikwa. Dawa yake ni kupunguza, katika programu ya kuhariria, mitetemo iliyo chini ya 100 hivi kwa sekunde. Pili, pumzi ya *p* na *b* hupiga kiwambo kishindo, na msemaji wa pwani atamkaye *p* na *t* zenye pumzi kama alivyozisikia kwa wazee wake hudhurika zaidi. Usimrekebishe ulimi, weka maikrofoni pembeni mwa kinywa, ikitazama kona ya midomo, pumzi ipite mbele yake badala ya kuingia ndani.

Ama zile kondensa za bei rahisi ziuzwazo kwa jina la BM-800, taksiri yake kubwa ni kwamba hutaka umeme wa volti 48 ambao tundu la kompyuta halitoi, na mnunuzi huzilaumu kwa unyonge usio wake. Aidha hewa ya pwani yetu ni ya chumvi na unyevu, na kiwambo chenye chaji kikishika unyevu hutoa mlio wa kupasuka-pasuka. Anayemiliki kondensa na aihifadhi katika kopo lifungikalo, pamoja na vifuko vya dawa ya kukausha. Dainamiki haina udhaifu huo.

Zipo pia zile ndogo za kubana kifuani, zilizotokana na uvumbuzi wa Gerhard Sessler na James West wa mwaka 1962, ambao walipata kiwambo kishikacho chaji daima. Boya BY-M1, yenye waya wa mita 6, ni mfano ujulikanao sana kwa wapigaji video. Nyingi katika hizi husikia pande zote, na kifuani huwa shubiri moja kutoka kinywani, mahali ambapo, kwa hesabu yetu, kinywa hukishinda chumba kwa mara mbili tu. Lakini mwenye nayo asiitupe: katika kunasa sauti pasipo picha, na aitoe kifuani, aifunge katika kijiti, aiweke nyanda tatu au nne kando ya mdomo, nayo itampa sauti safi isiyonenepa kwa ukaribu.

Mtu aliyeyafahamu haya mapema katika nchi zetu ni Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika ya Mashariki mwaka 1950 na tena 1952 akinasa nyimbo, na ambaye mwaka 1954 aliasisi huko Afrika Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika. Tracey hakubeba chumba. Aliwanasa watu uwanjani, pasipo kuta za kurudisha sauti. Jenereta aliiweka mbali akavuta waya mrefu, na maikrofoni aliishika mwenyewe mkononi, akiisogeza kwa mwimbaji zamu yake ilipofika na kuigeuzia ala zilipotakiwa. Alipambana na maadui wote wawili kwa umbali: aliikimbiza kelele na kukikaribia kinywa. Mwenye mzee wa kuhojiwa leo huweza kumfuata, chini ya mwembe, asubuhi kabla upepo haujaamka na barabara haijachangamka, na sponji juu ya maikrofoni.

Asiyeweza kutoka nje na akitengeneze chumba kwa alivyo navyo, akijua mipaka yake. Kitu cha kunywa sauti hufanya kazi vyema kinapofikia robo ya urefu wa wimbi. Wimbi la mitetemo 4,000 kwa sekunde, mahali pa *s* na *sh*, lina robo ya sentimita 2. La mitetemo 1,000, sentimita 8.5, la mitetemo 100, sentimita 85. Ndiyo maana khanga iliyotundikwa ukutani huondoa ukali wa *s* na kuuacha uvumi wa chini kama ulivyo, na chumba kikasikika kizito bila ya kunyamaza. Godoro la sufi la unene wa shubiri nusu hushuka hadi mitetemo ya chini zaidi, na likisimamishwa mbali kidogo na ukuta hushuka zaidi tena. Simamisha magodoro mawili nyuma na ubavuni mwa msemaji, kwa kuwa maikrofoni inayomtazama yeye huutazama pia ukuta ulio nyuma yake, tandika jamvi, usikae katikati ya chumba, wala usiukabili ukuta mtupu. Mwenye chumba cha makuti yuko mbele ya wenzake, kwa maana paa lake hunywa sauti na kuivunja, na mvua hailipigi kama mabati. Ila halizuii lori.

Kwa fedha, basi, hukumu yangu ni hii. Mwenye kompyuta tu na anunue dainamiki yenye waya wa USB, mfano wa Samson Q2U, ambayo humwepusha na gharama ya chombo kingine cha kukuza sauti, kwani SM58 hutoa umeme usiofika hata milivolti mbili kwa sauti ya kawaida ya kusema kwa karibu, na vikuzi vya bei duni huujaza umeme huo mchirizo. Mwenye kikuzi tayari, Behringer XM8500 ya dola 20 hivi yamtosha. Kuna tofauti kati yake na maikrofoni ya dola 100, na sikio lililofunzwa huisikia. Lakini kuihamisha ile ya dola 20 kutoka shubiri moja hadi nyanda nne huongeza karibu desibeli tisa za kinywa juu ya chumba, tofauti aisikiayo hata asiyefunzwa. Anayetaka kupanda daraja na anunue kwanza magodoro, kisha kigingi imara kishikacho maikrofoni mahali pamoja, na mwisho kabisa ndipo aifikirie maikrofoni ya pili.