Mbao za Jahazi kwa Sakafu ya Nyumba

Mbao iliyokwisha kutumika huchaguliwa kwa kuangalia kwanza kazi iliyoifanya, ndipo aina ya mti. Msaji uliozeekea kwenye paa na msaji uliozeekea baharini ni mti uleule, lakini ukiwekwa sakafuni tabia zao hutofautiana. Katika mwambao wa Afrika Mashariki mfano ulio wazi zaidi ni mbao za majahazi makuukuu. Mafundi wamezoea kuzigeuza meza na vitanda, na siku hizi wapo wanaozitaka kwa sakafu. Meza huweza kuishi na kasoro zake kwa kuwa haikubanwa popote. Sakafu imebanwa ukuta hadi ukuta, na kasoro ya ubao mmoja huwasukuma majirani zake.

Si kila kipande cha chombo kinafaa. Mataruma, yaani mbavu za ndani za chombo, yalichongwa kwa miti iliyojipinda yenyewe, na nyuzi zake haziwezi kutoa ubao ulionyooka. Mbao za ubavuni, hasa zilizokuwa juu ya mstari wa maji, ndizo bora. Miti inayokutwa huko ni kama msaji, mvule na mbambakofi, yote ikiwa na kiini kigumu kisicholiwa upesi na mchwa. Chini ya mstari wa maji matundu ndiyo ya kuchunguzwa. Tundu lililopakwa ndani utando mweupe kama chokaa limetobolewa na kiumbe wa baharini wa jamii ya chaza, ambaye hufa chombo kikipandishwa pwani. Hilo ni suala la sura na uimara tu. Tundu dogo linalomwaga unga laini ni kazi ya bungua, na ubao wa namna hiyo usiingie ndani kabla ya kutibiwa, kwani mdudu huenda yu hai.

Lililo gumu zaidi, na ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra, ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa kunyonya maji ya hewani unyevu wa hewa ukivuka takriban asilimia 75. Mombasa, Lamu na Unguja kiwango hicho hupitwa mara nyingi, hasa usiku na alfajiri, kwa hiyo ubao wenye chumvi hutoa jasho, hufubaza vanishi na kuzila skurubu za chuma. Ubao huohuo ukipelekwa Nairobi unaweza kukaa kimya sehemu kubwa ya mwaka. Kipimo chake ni rahisi: vumbi la msumeno kutoka katikati ya ubao huloweshwa katika maji yaliyotoneshwa, kisha hutiwa matone ya nitrati ya fedha. Maji yakigeuka meupe kama maziwa, chumvi imo. Kuranda tabaka la juu husaidia pale tu chumvi ilipoishia karibu na uso. Ikiwa imezama, mbao hulowekwa kwenye maji baridi yanayobadilishwa mara kwa mara, kisha hukaushwa upya kivulini, polepole.

Chumvi hudanganya pia kifaa cha umeme cha kupimia unyevu, kwa sababu hurahisisha umeme kupita, nacho kikasoma zaidi ya kilichomo. Mizani na tanuri ni mashahidi wa kweli zaidi. Kipande hupimwa uzito, hukaushwa kwenye nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito usishuke tena, kisha tofauti hugawanywa kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 230 kinachobaki gramu 200 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15.

Asilimia 15 ni kawaida kwa mbao iliyokaa kwenye hewa ya pwani. Chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi mfululizo huweza kuishusha hadi karibu 10. Ubao wa msaji wenye upana wa milimita 120, uliopasuliwa bapa, hupungua takriban milimita 1.1 kwa mabadiliko hayo. Mbao 25 za namna hiyo katika chumba cha mita 3 hupoteza jumla ya milimita 28, nazo zote hujitokeza kama nyufa. Zikipasuliwa kufuata mwelekeo wa kutoka kiini kwenda ganda, mnyweo hukaribia nusu ya huo. Kwa hiyo uamuzi kuhusu kiyoyozi hutangulia ununuzi, na mbao hukaa ndani ya chumba chenyewe kabla ya kupigiliwa.

Misumari huondolewa yote kabla ya msumeno. Sumaku hupata ya chuma, lakini ya shaba huhitaji kifaa cha kutambua metali. Madoa meusi kuzunguka tundu la msumari ni ya kudumu, na wengi huyapenda. Mvule huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake, vinavyobutua meno ya msumeno hata pasipo msumari, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Barakoa si ya hiari. Mbao zilizopakwa sifa, yaani mafuta ya papa, au shahamu hukataa gundi hadi zisuguliwe kwa tapentaini. Mbao zenye rangi ya zamani hupimwa risasi kabla ya msasa.

Kwa mbao zilizotumika mahali pengine pasipo majahazi, mataruma ya reli yaliyolowekwa kreosoti hayafai ndani ya nyumba kabisa. Mbao za paleti hufaa zikiwa na muhuri wa HT, yaani zimepashwa joto. Zenye MB zilifukizwa kwa bromidi ya methili na ni afadhali kuziacha.

Juu ya zege lililokauka hutandazwa nailoni nzito, kisha fito, kisha mbao zilizochongwa ulimi na mfereji. Kando ya kila ukuta huachwa nafasi ya milimita 10 hadi 15, ambayo ubao wa pembeni huificha. Palipo na mashaka ya chumvi, skurubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na mafuta ya kitani yatumike badala ya vanishi, kwa kuwa sehemu iliyofubaa hupakwa upya peke yake bila kukwangua chumba kizima.