Mfupa na Daftari

Sokoni Chwele, kaunti ya Bungoma, dalali wa ng'ombe habishani na muuzaji kuhusu umri. Hufunua mdomo wa mnyama, akatazama meno, ndipo bei ianze kutajwa. Wasomaji wa mifupa ya sokwe nao huanzia mdomoni, ila hawaishii hapo.

Kenya haina sokwe wa porini. Wale wa Sweetwaters, Ol Pejeta, waliokolewa kwingine wakaletwa. Kwa hiyo mtu wa Kitale aliyekulia karibu na makumbusho yaliyotokana na mikusanyo ya Kanali Stoneham akitaka mifupa ya sokwe wa porini, hana budi kutazama ng'ambo ya mpaka, hadi Gombe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alianza kazi huko mwaka 1960. Sokwe akifa na mwili wake ukapatikana, aghalabu huzikwa. Udongo na wadudu huachiwa muda wao, kisha mifupa hufukuliwa, ikaoshwa na kupangwa, hadi vile vifupa vya kiganja ambavyo mwenye pupa angevimwaga pamoja na udongo. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wafanyao kazi hiyo. Wanaanthropolojia Adrienne Zihlman na Mary Ellen Morbeck waliichukua mifupa hiyo wakaipima kwa subira, mnyama mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake.

Mfupa uliovunjika ukaunga huacha kinundu: pengine alianguka mtini, akapona bila mganga. Mwaka 1966 polio iliingia Gombe. Sokwe jike Madam Bee akapooza mkono, mwenzake Gilka akaathirika kifundo cha mkono. Mfupa usiovutwa na misuli hukonda, kwa hiyo msomaji hulaza mikono miwili sambamba na kulinganisha. Majike wazee nao huonyesha mifupa iliyopungua uzito, kama akina nyanya zetu.

Lakini kinundu hakitaji mwaka. Mwaka umo daftarini, na madaftari ya Gombe yamejazwa kwa miongo na Watanzania, akina Hilali Matama, waliowafuata sokwe mabondeni wakiandika kwa Kiswahili. Nionavyo mimi, hao ni nusu ya ufundi huu, ingawa sifa huwafikia kwa uchache.

Gilka alikufa mwaka 1979. Mkono wake unaweza kueleza polio. Kwamba Passion, sokwe jike mwingine, alimnyang'anya mtoto na kumla mwaka 1975, hilo halimo katika mfupa wake wowote. Liliandikwa na walioshuhudia.