Utani bila mtani: adabu na mzaha katika barua za wanaprogramu

Waungwana,

Salaam kwenu nyote, mlioko huku Uingereza na mlioko Maskati, Dubai, Toronto na kwengineko. Natumai mu wazima. Naanza na salamu kwa makusudi, kwani salamu ndiyo iliyonitia aibuni siku ya kwanza nilipowaandikia wanaprogramu, na mada yangu inaanzia hapo.

Ilikuwa 1998. Nilikuwa mgeni katika kazi hii ya kompyuta, nimekabidhiwa seva moja kuukuu niiangalie, na programu yake ya kupokea barua ikawa inakufa kila usiku. Nikaelekezwa kwenye kundi la barua pepe la wenyewe walioitengeneza. Nikaandika kama nilivyolelewa: nikawaamkia, nikawauliza hali, nikaomba radhi kwa kuwasumbua, nikasema mimi ni mwanafunzi tu mbele yao, kisha ndio nikauliza. Asubuhi nikakuta jibu. Bwana yule alikuwa amelifuta swali langu lote, akaziacha salamu peke yake, na chini yake akaandika kwamba yeye hajambo, mkewe hajambo, paka wao naye hajambo, na kama nina shida nyengine basi ipo kwenye mwongozo. Akamalizia na zile herufi nne, RTFM, ambazo maana yake ni "kasome mwongozo", na katikati yake mna tusi.

Leo nikilikumbuka jibu lile nacheka. Bwana yule alikuwa na kipaji, hilo simnyimi. Lakini siku ile sikucheka, na sikuandika tena kwenye kundi lolote kwa takriban miaka miwili.

Suala ninalotaka tulijadili ni hili: mzaha ule ulikuwa na kosa gani khasa? Maana sisi si watu wa kununa. Sisi ni watu wa utani. Bara, mtani anaweza kuteremka kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, watu hupigana kwa makongwa ya migomba mchana kweupe, kisha wanakula pamoja. Hatuwezi tukasema kwamba maneno makali ni utovu wa adabu moja kwa moja.

Ila utani una masharti yake, hata kama hayakuandikwa popote. Kwanza, unamjua mtani wako ni nani, naye anakujua. Pili, anaweza kukurudishia, tena palepale. Tatu, na hili ndilo watu wanalolisahau, mtani ana wajibu. Yule anayewachekesha watu msibani ndiye huyohuyo anayeshika jembe. Mzaha wake ameulipia kwa kazi. Kwa mizani hiyo nataka niyapime maandishi ya wanaprogramu, kwa sababu humo mna mzaha bora kabisa na mna mzaha wa hovyo, na wenyewe mara nyingi hawatofautishi.

Tuanze na mazuri. Mwezi wa Septemba 1982, pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walikuwa wakiulizana mafumbo ya fizikia kwenye ubao wao wa kompyuta: lifti ikikatika kamba ikaanguka, mshumaa uliomo ndani utakuwaje, na tone la zebaki je? Mmoja akaandika kwa mzaha kwamba lifti fulani imemwagika zebaki na imeungua kidogo. Kuna waliosadiki wakadhani ni tangazo la hatari! Ndipo tarehe 19 Septemba Scott Fahlman akapendekeza kwamba anayefanya mzaha aweke alama hii :-) ili watu wajue. Vijisura vyote mnavyotumiana kwenye simu leo ni wajukuu wa alama ile. Mimi naiona kama ungamo. Watu wenye akili nyingi kabisa walikiri kwamba maandishi hayana uso, na kwamba jukumu la kuonyesha kicheko ni la msemaji, si la msikilizaji.

Kisha kuna ule mzaha wa njiwa. Kanuni za intaneti huandikwa katika nyaraka ziitwazo RFC, maandishi makavu kama hati ya kiwanja. Tarehe 1 Aprili 1990 David Waitzman akatoa namba 1149, inayoeleza kwa lugha ileile kavu namna ya kusafirisha data kwa njiwa: data inachapwa kwenye karatasi, karatasi inaviringishwa mguuni mwa ndege na kufungwa kwa utepe wa gundi. Hakuna hata pahala pamoja mwandishi anapocheka. Na uzuri wenyewe ndio huo. Mnamo Aprili 2001 wapenzi wa Linux wa Bergen, Norway, wakaitekeleza kweli, masafa ya kilomita kama 5. Walituma pakiti 9, majibu yakarudi 4, na lililowahi kuliko yote lilichukua dakika zaidi ya 50. Jamani! Hapa anayechekwa ni nani? Ni wao wenyewe, na ibada yao ya kuandika kila kitu kwa vifungu. Mgeni akiingia akakuta mzaha huu haumuumizi, bali unamkaribisha, mradi ajue nyaraka za kweli zilivyo.

Tatu, nauhesabu katika mazuri hata ugomvi wa 1992. Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, mwenye kile kitabu walichosomea wengi na mwenye mfumo wa Minix, alitangaza mwezi Januari kwamba Linux imeshapitwa na wakati, na baadaye akamwambia Linus Torvalds ashukuru kwamba si mwanafunzi wake, maana asingepata alama nzuri. Torvalds alikuwa kijana wa miaka 22, mwanafunzi Helsinki. Akajibu kwa ukali, kisha mwenyewe akaona amezidi, akaomba radhi hadharani. Wakaendelea kubishana, kwa hoja. Na mwaka 2004, alipotokea mtu kudai kwamba Linux imeibwa kutoka Minix, ni Tanenbaum huyohuyo aliyesimama kumtetea Torvalds. Huo sasa ni utani uliotimia. Mdogo aliweza kumrudishia mkubwa, na mkubwa siku ya haja alishika jembe.

Sasa tuje kwenye kasoro.

Mwezi wa Oktoba 1995 ilitoka RFC 1855, iliyokusanywa na Sally Hambridge, nayo si ya mzaha. Ni waraka wa adabu. Unasema usiandike kwa herufi kubwa tupu kwani ni kama kupiga makelele. Unasema ukikasirika, lala kwanza, jibu kesho. Unasema mgeni asikilize mwezi mmoja au miwili kabla ya kusema, ushauri ambao mzee yeyote wa barazani angeutia saini. Na unasema jambo moja lililonishangaza nilipolisoma baadaye: kwamba anayekusoma ni binadamu, na utamaduni wake, lugha yake na mzaha wake huenda si kama wako, basi jihadhari, khasa na kejeli. Yaani miaka mitatu kabla ya paka wa yule bwana, kanuni ilikuwa imeshaandikwa. Yeye aliyenituma nikasome mwongozo, wake mwenyewe hakuusoma.

Waraka ule haukupata umaarufu. Uliopata ni ule wa Eric Raymond wa 2001, kuhusu namna ya kuuliza maswali kwa busara. Nimeusoma mara nyingi na nitajitahidi niuhukumu kwa haki. Mwingi wa ushauri wake ni wa kweli: eleza tatizo kwa usahihi, sema umeshajaribu nini, ukipata jawabu rudi uwaambie wenzako. Hata "tafadhali" na "asante" anazikubali. Tatizo langu ni mawili.

La kwanza, anaonya kwamba kujidhalilisha si badala ya kujitayarisha, na anamkataza muulizaji asijiite mjinga asiye kitu. Sawa. Lakini msomaji wa Ulaya au Marekani akiuona unyenyekevu wetu anaudhani ndio huo. Mtu wa pwani akisema "mimi mwanafunzi wenu tu" hajidhalilishi hata kidogo! Ni namna ya kubisha hodi. Huenda huyo anayesema ana shahada mbili na amesoma mwongozo mara tatu. Kwa hiyo adabu ya kwao inasema fika kwenye jambo usipoteze muda wa watu, na adabu ya kwetu inasema usiingie nyumba ya watu bila kupiga hodi. Kila mmoja anamheshimu mwenzake, na kila mmoja anamwona mwenzake hana heshima.

La pili ni kubwa zaidi. Mwishoni mwa waraka ule Raymond ana sehemu fupi inayomhusu anayejibu: kuwa mpole, usimwaibishe hadharani mtu aliyekosea kwa nia njema, mjibu pembeni. Ni maneno mazuri sana. Nimeona waraka ule ukirushiwa wageni pengine mara mia, na sikumbuki hata siku moja kumwona mtu akimrushia mwenyeji ile sehemu ya mwisho. Kosa hilo ni la watumiaji kuliko la mwandishi, lakini mwandishi naye aliweka kurasa nyingi kwa mgeni na chache kwa mwenyeji, na watu husoma kile kinachowapa haki.

Matunda yake tuliyaona kwenye kerneli ya Linux yenyewe. Yule kijana wa 1992 akawa ndiye mkubwa, na sasa matusi yake yakawa hayarudishiki. Nani angemrudishia, na yeye ndiye mwenye kukubali au kukataa kazi yako? Mwaka 2013 mchangiaji mmoja alimwambia hadharani kwamba maneno hayo hayafai, na mwaka 2015 mchangiaji huyo akatangaza kwamba ameshaondoka. Mwezi wa Septemba 2018 Torvalds mwenyewe akaandika kuomba radhi, akakiri kwamba huenda amewafukuza watu katika kazi hiyo, akachukua likizo ya wiki chache, na kanuni mpya za mwenendo zikapitishwa.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeisikia sana: kwamba ukali ndio uliolinda ubora. Sikubali. Kuikataa kazi mbovu ni jambo moja, kumtukana aliyeileta ni jengine. Fundi seremala mzuri atakurudishia mlango uliokwenda upande bila kumtaja mama yako. Na tangu 2018 kerneli inaendelea kutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, kama kawaida. Haikuharibika kwa kukosa matusi.

Hapa ningeweza kuishia, nikawa nimewahukumu wengine na mimi nimetoka msafi. Lakini si kweli.

Mnamo 2007, nikiwa nimeshakuwa mwenyeji katika kundi moja, kijana mmoja aliandika. Kwa namna alivyopanga salamu zake nilijua bila ya kuuliza kwamba anatoka kwetu. Nami nikafanya nini? Nikalifuta swali, nikaziacha salamu, nikajibu kwamba sijambo. Watu wakacheka, wawili watatu wakaniandikia kunipongeza. Kijana hakuandika tena. Sikuwahi kujua kama tatizo lake lilikwisha. Mzaha wenyewe hata haukuwa wangu. Niliupokea 1998 na nikaurithisha. Nilijiona nimekubaliwa na wenyeji, na bei ya kukubaliwa alilipa mwengine.

Kilichonifanya niandike leo ni mpwa wangu anayesoma kompyuta Dar es Salaam. Mwezi uliopita alikwama na programu moja, nikamwambia waandikie wenyewe walioitengeneza. Akasema haina haja, ameshaiuliza mashine, hizi za akili bandia. Nikamuuliza kwa nini hataki kuuliza watu. Akanambia, "Mjomba, mashine hainicheki."

Sikuwa na la kumjibu. Lakini nilipoitazama kazi yake niliona kwamba kosa halikuwa lake, lilikuwa la programu yenyewe. Mashine ilimpa njia ya kulizunguka na yeye akapita. Walioitengeneza hawana khabari mpaka leo, na kila atakayefuata atajikwaa palepale. Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumza. Wazee wa makundi haya siku hizi wanalalamika kwamba vijana hawaji tena kuuliza. Basi wajiulize waliokuja walipokewaje. Nami nimo.

Jumamosi iliyopita mimi na mpwa wangu tumeiandika ile barua, kwa simu, yeye kule mimi huku. Maelezo ya tatizo tumeyaweka juu, mafupi na kamili, kama Raymond alivyoshauri. Nilitaka kuzifuta salamu kabisa ili asije akachekwa. Alikataa. Tukakubaliana mstari mmoja. Jibu bado halijaja.

Naomba maoni yenu, khasa nyinyi mnaofanya kazi hizi huko mliko. Na kama nimemdhulumu mtu katika haya, nikosoeni. Mimi hapa nina watani, wala sitanuna.

Wasalaam.