Bao: Hatari Bila Bahati

Wahakiki wetu wamezoea kudai kwamba taharuki huzaliwa na jambo lililofichwa: msomaji hajui, ndiyo maana anafunua ukurasa. Kwa maoni yangu bao linaipinga kauli hiyo, tena mchana kweupe.

Ndugu msomaji, nenda Chanika jioni ukae pembeni ya wanaocheza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Dadu hakuna. Linganisha na The Battle for Wesnoth, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2003. Humo majitu, wachawi na mifupa inayotembea hupigana kwa zamu, na kila pigo hupata au hukosa kwa asilimia. Ukishindwa, unailaumu bahati. Kwenye bao utamlaumu nani, bwana?

Je, hatari inatoka wapi basi? Naiona hasa kwenye nyumba. Katika namua kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa nyumbani, na 22 mkononi. Zamu moja, kete moja. Ukila, na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani mwako, sheria inakupa hiari: ulale au usafiri. Kusafiri ni kuimwaga akiba ukitafuta kula zaidi. Kulala ni kuitunza huku mwenzio akiinyemelea. Hesabu iko wazi kwa wote wawili, ila ni ndefu kuliko jicho. Hapo ndipo ufundi unapoachana na ujasiri mtupu: fundi husafiri akiwa ameshaona kete ya mwisho itakapolala, mwanagenzi husafiri kwa sababu nyumba imenona.

Mwendo nao una mantiki yake. Kete za mkononi ndizo saa ya mchezo. Zikiisha, mtaji unaanza: nyongeza hakuna tena, na zamu moja yaweza kuzunguka mpaka safu ya mbele ya mtu ikabaki tupu. Kashindwa. Ni riwaya zetu ngapi zinazojenga kilele kwa subira namna hiyo?

Watasema bao ni mchezo tu, si fasihi. Sawa. Lakini linatufunza kigezo. Tusimpime mwandishi kwa alichotuficha peke yake. Tumpime pia kwa alichokiweka mbele ya macho yetu, nasi tukashindwa kukiona kwa wakati.