Pongezi kwa Wainjilisti wa Vijijini

Waliolijenga Kanisa Afrika Mashariki wakitajwa, wamisionari wa Ulaya hutangulia. Lakini mzigo mzito ulibebwa na wainjilisti wenyeji, na Apolo Kivebulaya anatosha kulithibitisha hilo. Mganda huyu alifika Mboga, Kongo ya leo, mwaka 1896. Mtemi Tabaro alipochukizwa na mafundisho yake, watu walikatazwa kumwuzia chakula, naye akapigwa. Ndugu wa mtemi alipochomwa na mkuki kwa ajali akafa, Apolo alisingiziwa kifo hicho akafungwa Fort Portal. Alipoachiwa alirudi Mboga kulekule, na baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Kabla ya kufa mwaka 1933, Apolo aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Ituri, ambako kazi ilikuwa bado.

Wapo wanaosema dini ilikuja nyuma ya bunduki. Kwa sehemu ni kweli, ila Apolo hakuwa na askari, na ufuasi wake ulipimwa kwa kurudi palipomuumiza. Pingamizi zito zaidi, kwangu, ni kwamba sifa za uvumilivu huwa kisingizio cha kuwanyima wainjilisti posho. Hapo nakubali. Mateso ya Apolo yalitoka kwa waliomkataa. Njaa ya mwinjilisti wa leo mara nyingine hutoka kwa waliomtuma. Usharika unaompongeza mimbarini umlipe pia, na umnunulie baiskeli.