Kwa Nini Watu Hujaa Kutazama Mashujaa wa Ajabu

Fedha zinazopatikana mlangoni mwa sinema kwa picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu ni nyingi mno. Avengers: Endgame, iliyotoka mwaka 2019, iliingiza karibu dola bilioni 2.8 duniani pote. Black Panther ya mwaka 2018 ilipita bilioni 1.3. Katika hesabu hiyo vijana wengi wa Lubumbashi hawamo, maana wale wa mitaa ya Katuba na Kenya wamezoea kuona picha za namna hii katika vyumba vya video au katika simu ya rafiki, na franka zao hazifiki Marekani. Lakini wameziona, na majina ya mashujaa hao wanayajua kwa moyo. Basi na tuulize: watu hawa wote wanatafuta nini?

Wako wanaojibu kwamba ni kazi ya matangazo. Wengine husema ni mazoea: tangu Iron Man ya mwaka 2008 mpaka Endgame zilitoka picha 22 zilizoshikana kama mnyororo, na kila moja ilimwachia mtazamaji hamu ya ile itakayofuata. Tena ngumi haihitaji mkalimani. Hayo ni kweli, wala hatuyakatai. Lakini mwaka 2023 ilitoka The Marvels, yenye matangazo, yenye mnyororo, yenye ngumi tele, nayo ikapata kama dola milioni 206 tu, kiasi kisichorudisha hata gharama zake. Kumbe watu hawanunui ngumi tu.

Tuwakumbuke wazee wetu. Zamani za Wabelgiji, Union Minière iliwaonyesha wafanyakazi sinema katika makambi yake. Ng'ambo ya mpaka, katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, watu walipenda mno picha za wapanda farasi wa Marekani, hata kila shujaa walimwita Jack, awe nani. Huko Léopoldville vijana walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Serikali ya wakoloni ilikagua picha kabla hazijaonyeshwa kwa watu weusi, kwa hofu kwamba zitawafundisha ukaidi. Waliangalia bunduki. Sisi twadhani watazamaji waliangalia kitu kingine: mtu asiyeamriwa na bwana yeyote, afikaye mji unaoonewa, akampiga mwovu mchana kweupe mbele ya wote. Mfanyakazi aliyeamriwa tangu asubuhi hata jioni alikuwa na sababu ya kumshangilia mtu huyo.

Shujaa wa siku hizi ni mjukuu wa Jack. Tena angalieni, katika picha hizi mwovu naye ana nguvu, pengine kumshinda shujaa. Kama nguvu ndizo zinazopendwa, tungemshangilia mwovu. Kinachopendeza ni kuona nguvu zilizofungwa na ahadi. Superman, aliyetokea katika kitabu cha picha mwaka 1938, angeweza kujifanya mfalme wa dunia, naye anafanya kazi ya kuandika habari gazetini. Katika Spider-Man 2 ya mwaka 2004, kijana Peter Parker anadaiwa kodi ya chumba. Aweza kuinua motokari, lakini mwenye nyumba akidai fedha yake, anainamisha kichwa. Sisi tunaojua jinsi mtu anavyogeuka akipewa muhuri mdogo tu wa ofisi, twaelewa kwa nini watu wanalipa kuona ajabu hiyo. Kuruka juu ya nyumba ni ajabu ndogo kuliko hiyo.

Kwa mtu wa Katanga, Black Panther ina neno la pili. Wakanda ni nchi ya kubuniwa ya Afrika yenye madini yaitwayo vibranium, nayo imeyatunza madini yake yasichukuliwe na wageni. Mfalme wake alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, mwaka uleule Elisabethville ilipopewa jina la Lubumbashi. Hata mwaka huo ulipokwisha, serikali ya Mobutu iliinyang'anya Union Minière migodi yake. Katika Captain America: The First Avenger, ya mwaka 2011, Mmarekani anapewa ngao ya vibranium wakati wa vita kuu ya pili, na hakuna anayeeleza metali hiyo imetoka kwa nani. Msomaji wa Likasi hana haja ya kubuni. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za mawe ya uranium ya Shinkolobwe, na uranium ya mgodi huo ilitumika sana katika kutengeneza bomu la Hiroshima. Leo Kongo inatoa zaidi ya thuluthi mbili za kobalti ya dunia nzima. Kwa hiyo kijana wetu akimwona mfalme mweusi juu ya kilima cha madini yasiyoibwa, hatazami hadithi ya mbali. Anaona nyumba yao ilivyopasa kuwa.

Hapo ndipo twailaumu picha hiyo, ingawa tumeipenda. Imetuonyesha treni ziendazo mbio chini ya ardhi, mwanga wa buluu, maabara ya binti mfalme Shuri. Uso wa mchimbaji hatukumbuki hata mmoja. Nani anashuka shimoni Wakanda? Analipwa nini? Akiumia, nani anamlisha mkewe? Tena utajiri wote unategemea wema wa mtu mmoja na ushindi wake katika kupigana kwenye maporomoko ya maji. Killmonger aliposhinda, siku ile ile silaha zilianza kupakiwa. Mwandishi wa hadithi aliliona tatizo hilo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyelitia, lakini akaliponya kwa kumrudisha mfalme mwema tu. Hakuna baraza linaloweza kumzuia mfalme mbaya wala daftari linaloonyesha madini yamekwenda wapi. Watazamaji wanatoka wakiwa wameshiba haki ya saa mbili, nayo ni shibe tamu. Kesho yake motokari za madini zinapita njia ya Kasumbalesa kama jana.

Wazazi wametuuliza kama watoto waitazame. Wadogo wasubiri, kwa sababu mnauawa watu ndani yake, na mzee mmoja anachomwa mbele ya kijana aliyemlea. Juu ya mungu Bast na wafu wanaosema na mfalme, wakubwa wanaweza kueleza wenyewe kwamba ni hadithi. Wakiwa na kijana wa miaka 15 nyumbani, na waketi naye waitazame pamoja, kisha wamwulize mchimbaji alikuwa wapi.