Ufundi wa Kujisimulia: Safari ya Moyo kutoka Utumwani

Tawasifu, yaani simulizi ya maisha inayotungwa na mwenye maisha hayo, ni sanaa ngumu kuliko inavyodhaniwa, na ugumu wake huzidi pale mtunzi anapokuwa mtu aliyewahi kuuzwa, kwa kuwa mtumwa alihesabiwa kuwa mali, na mali haiulizwi iliona nini wala iliumia wapi. Kwa hiyo mtumwa wa zamani anaposimulia maisha yake, tendo lenyewe la kusimulia ni sehemu ya uhuru wake, na msomaji makini hupaswa kuutazama ufundi wa tendo hilo kama anavyoyatazama matukio yanayosimuliwa.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi simulizi hizo zinapowekwa kando ya tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ambayo ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili na ilichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Humo misafara, pembe za ndovu na vita vya bara vinaelezwa na mfanyabiashara mwenye nguvu, lakini mateka hupita kwa makundi, bila sauti zao wenyewe. Tawasifu ya aliyekuwa mtumwa huligeuza jambo hilo, kwani humo aliyekuwa akihesabiwa ndiye anayehesabu siku, njaa na waliokufa njiani.

Hata hivyo, si kila simulizi ya mtumwa imeandikwa kwa mkono wa mtumwa. Kisa cha Swema, msichana wa Kiyao aliyeuzwa, akafikishwa Zanzibar akiwa karibu kufa na kuzikwa angali hai kabla ya kuokolewa, kilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1870 na watu wa kanisa waliokuwa na lengo lao la kuwagusa waumini wa Ulaya. Mapenzi ya mama yake, aliyeufuata msafara ili asitengane na mwanawe, yanachoma moyo hadi leo, lakini pale kisa kinapofika kwenye msamaha wa Swema kwa waliomtesa, msomaji hana budi kujiuliza kama hisia hizo ni za msichana au ni za aliyeshika kalamu.

Swali la namna hiyo huzuka pia katika *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934, ambamo mwana anasimulia mambo yaliyompata baba yake, Myao aliyetekwa na baadaye kukombolewa baharini na manowari ya Waingereza, kisha akaishi Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa. Historia ya ukombozi wa baharini inafundisha kwamba mara nyingi uhuru ulianza kwa hofu, kwa sababu mateka wengi walikuwa wamesadikishwa na wenye majahazi kwamba Wazungu hula watu, na hivyo walitetemeka mbele ya wale waliokuja kuwafungua. Wahakiki wamekilaumu kitabu cha Mbotela kwa kuwashukuru mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake, ingawa haiondoi thamani ya mwana kuihifadhi sauti ya kizazi cha baba yake.

Mfano ulio karibu zaidi na ukamilifu wa sanaa hii ni tawasifu ya Adrien Atiman, iliyochapishwa mwaka 1946 katika jarida la *Tanganyika Notes and Records*. Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya Mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe huko Algeria ili awe huru, akasomea utabibu Malta, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956 akawatibu watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Nguvu ya simulizi hiyo imo katika umbali uliopo kati ya mtoto aliyetekwa na mzee wa karibu miaka 80 anayesimulia, kwani mzee anajua mwisho wa safari ambayo mtoto hakuijua, na moyo wake umeupata uhuru katika kazi ya kuwaponya wengine.

Sheria ya kuukomesha utumwa Tanganyika ilitungwa mwaka 1922, lakini sheria haiwezi kumrudishia mtu kisa chake, kwani kisa huishi kwa kusimuliwa. Kazi hiyo ya kusimulia ina mahali pake hata leo: katika Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, kuanzia Bariadi na Itilima hadi Maswa, Meatu na Busega, Wasukuma wana desturi ya shikome, yaani moto wa jioni nyumbani ambapo wazee huwasimulia vijana mambo ya kale, na masimulizi ya wapagazi, vita na misafara ni sehemu ya urithi wa mkoa huo. Walimu, wanafunzi na wenye kalamu wa Simiyu wanapaswa kuyaandika masimulizi hayo kwa Kisukuma na kwa Kiswahili wakati wazee wangalipo, wakiyahifadhi maneno ya msimulizi kama alivyoyatamka, bila kumwongezea shukrani wala machozi ambayo hakuwa nayo.